Washauri nasaha wa Mtwara na Lindi: mteja mtu mzima akikufungulia ya chumbani, umefundishwa la kumjibu?

Mshauri wa Kusini ameandika:

Wakuu, habari za mchana. Uzi huu ni wa washauri nasaha, maofisa ustawi, manesi wa vitengo vya afya ya akili, wachungaji na masheikh wanaopokea wanandoa, na yeyote anayekaa na mtu mlango ukiwa umefungwa. Walio chini ya miaka 18 wapite hivi. Wanaotafuta simulizi za chumbani nao hawana chao humu.

Nazungumzia watu wazima ambao raha yao ya faragha haifanani na ya wengi: kufungana kwa kamba au mtandio, kuamrisha na kuamrishwa, kuchapwa kwa kukubaliana, kuvutwa na kitu fulani kama ngozi, kiatu au sare. Kwa jumla inaitwa kinki, na sehemu yake kubwa ni BDSM, yaani hayo ya kufungana, kuamrishana na kuumizana kwa hiari. Kwa wengine ni mchezo wa mara mojamoja. Kwa wengine ni namna wanavyojijua tangu ujana, na wameibeba miaka yote bila kumwambia mtu.

Najua kuna atakayesema hayo ni ya Ulaya. Mimi nakaa Mtwara mjini, na nawapokea hapa hapa. Wengine wanatoka Newala na Tandahimba, wanapanda gari kuja mbali kwa sababu kwao wanajulikana mpaka na mbuzi. Msimu wa korosho ukiisha na hela ikishaleta vurugu zake, ndoa nyingi hufika kwenye viti vyetu. Katikati ya kesi ya hela na mchepuko mtu anasita, anatazama dirishani, halafu anasema, "Kuna jambo jingine, lakini utanicheka."

Tangu hapo mshauri yuko peke yake. Darasani tulisoma huzuni, ulevi, VVU, misiba, malezi. Hili halikutajwa, au lilitajwa kwa mstari mmoja chini ya kichwa cha magonjwa. Kwa hiyo kila mtu anajibu kwa alichotoka nacho nyumbani. Mmoja anacheka kweli. Mwingine anaanza kuuliza "nani alikuharibu utotoni?" kabla hajaulizwa kitu. Mwingine anaomba maelezo mengi mno, na ukimtazama vizuri unaona ni hamu yake ya kusikia, kazi imeshawekwa pembeni. Mteja anaaga kwa adabu na harudi. Lile lililomleta, labda usingizi uliopotea au ndoa inayokatika, anaondoka nalo.

Mzizi wa mstari huo mmoja ni wa zamani. Mwaka 1886 daktari Richard von Krafft-Ebing, aliyefundisha Graz na baadaye Vienna, alitoa kitabu cha matukio ya wagonjwa wake na ya washtakiwa wa mahakamani, na humo akaziweka hamu za namna hii kwenye orodha ya maradhi. Fikiria: alikusanya waliovunjika na walioshtakiwa, kisha picha hiyo ikapakwa kwa kila mwenye hamu hiyo. Orodha ilirithiwa mpaka kwenye ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, ambako kuvutwa na vitu kulipewa namba F65.0 na kuumizana kwa raha F65.5. Wengi wetu tumesomeshwa kwa orodha hiyo.

Imeshabadilika. Denmark iliondoa F65.5 kwenye orodha yake mwaka 1995, Sweden 2009, Norway ikafuata 2010. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 wa 2013, ulitenganisha hamu isiyo ya kawaida na ugonjwa: ugonjwa unaandikwa pale mtu mwenyewe anapoteseka au maisha yanapokwama kwa sababu ya hamu hiyo, au pale anapodhurika au kuhatarishwa mtu mwingine, hasa asiyeridhia. ICD-11, toleo jipya la orodha ile ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, iliondoa kabisa F65.0 na F65.5. Ikabakiza, kati ya mengine, ukatili wa kingono wa kulazimisha na hamu ya kingono kwa watoto. Hayo mawili hayana mjadala, na hayamo katika uzi huu.

Na tusijifanye wageni wa mambo. Huku kwetu kuna wanaume ambao bila kusikia shanga kiunoni hawaamki. Kwa maandishi ya F65.0, nusu ya Shangani ingepewa faili. Hakuna aliyewahi kuwapeleka hospitali ya akili ya Mirembe, kwa sababu shanga tumezizoea na kamba hatujaizoea.

Msimamo wangu: mshauri hana kazi ya kusaka chanzo cha hamu ya mteja. Ana kazi ya kujua kama kuna hiari, kama kuna madhara, na mteja kaja kutafuta nini. Asiyejua kuyapima hayo hukosea pande mbili. Humtibu asiye mgonjwa, na humruhusu anayepigwa arudi kwa mpigaji kwa sababu mume kasema "hiyo ni michezo yetu". Hili la pili ndilo linaloninyima usingizi, na ndilo linalonifanya nitake mafunzo. Kuwa na huruma tu hakutoshi.

Ninavyofanya mwenyewe: kwanza kila mmoja namwona peke yake. Halafu simuulizi kama anaweza kukataa, maana kila mtu atasema anaweza. Namwambia, "Nisimulie mara ya mwisho ulipokataa." Anayecheza kwa hiari ana kisa: tuna neno letu, nikalitamka, akaacha papo hapo, akaniletea maji. Anayeishi na mkatili ananyamaza, au anasema hajawahi kukataa, au anasimulia kilichompata alipokataa. Kisha naacha maswali ya chumbani, nauliza mengine: simu yako anaishika nani? Hela ya korosho iliingia akaunti ya nani? Ukienda kwa mama yako unaomba ruhusa? Amri ya mchezo ina pa kuanzia na pa kuishia, na wote wawili wanapajua. Ikishafika jikoni, kwenye simu na kwenye pochi bila mwenzake kuiridhia, huo ni ukatili uliovaa nguo nyingine.

Karibuni tujadili. Matusi muyaache nje.

KoroshoGhafi ameandika:

Mkuu nimeingia nikidhani ni uzi wa minada, nimeona neno korosho. Nimekaa. Endelea.

Ostaadh wa Magomeni ameandika:

Assalaam alaykum. Ndugu mwandishi, nimekusoma mpaka mwisho ili nisikudhulumu. Lakini nauliza: ukishamwambia mtu kwamba huu si ugonjwa, hujamfungulia mlango? Watu wanakuja kwako wakiwa na aibu, na aibu ni katika imani. Wewe unawavua aibu unawaacha na nini? Mimi nasuluhisha ndoa mtaani miaka mingi, na jambo la kwanza ninalotaka ni mtu aogope.

Mshauri wa Kusini ameandika:

Waalaykum salaam, ustaadh. Nashukuru kwa kusoma kwanza.

Kusema "huu si ugonjwa" hakumaanishi "fanya". Ni kauli ya kitabibu. Uongo si ugonjwa pia, na wewe una haki kamili ya kuukemea. Mimi kwenye kiti changu sina mimbari.

Nikuongezee kitu ambacho huenda kitakushangaza: wengi wanaonijia na jambo hili ni watu wa dini. Anayeteseka kwa sababu hamu yake inapigana na imani yake, sina ruhusa ya kumwambia aiache imani, na sina ruhusa ya kumwambia aiue hamu. Namsaidia aone mwenyewe ataishije na vyote viwili, na akitaka kusikia hukumu ya dini namwambia aende kwa mwanachuoni anayemwamini. Labda ni wewe. Ninachoomba tu, akifika usimuulize mbele ya mashemeji.

Na kuhusu uoga: mtu anayeogopa hujificha, na huko mafichoni hufanya mambo vibaya zaidi, bila kuuliza lipi linaua. Nesi yeyote humu atakwambia.

Nesi wa Zamu ya Usiku ameandika:

Umeniita, nimekuja. Nipo Lindi, sitasema kituo gani.

Nataka washauri walijue jambo moja kuliko yote, nalo ni shingo. Vijana wanaona kwenye simu mwanaume anamkaba mwanamke shingo, wote wanatabasamu, basi wanadhani ni mapenzi. Kukaba shingo hakuna njia salama. Ukibana mishipa ya pembeni damu haifiki kwenye ubongo, mtu anapoteza fahamu ndani ya sekunde chache, na hakuna dalili ya kukuonya kwamba sasa imezidi. Shingo inaweza isiwe na alama yoyote kwa nje huku ndani mshipa umechanika, na kiharusi kikaja siku kadhaa baadaye. Mteja akikutajia hilo, usikae kimya kwa kuogopa kuonekana unahukumu. Mwambie wazi. Ukimkuta ana sauti iliyokauka, anameza kwa shida, kichwa kinauma, macho yana damu damu, mlete hospitali siku hiyo hiyo.

Kamba nazo: ganzi mkononi, au mkono unaolegea kwenye kifundo usiinuke, ni neva imebanwa. Na mtu aliyefungwa haachwi peke yake hata kidogo.

Sasa upande wetu. Akija mama ana alama mgongoni, mikono yetu inaenda moja kwa moja kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Na ni sawa, kwa sababu mara nyingi sana ni kipigo. Siombi mtu alegeze hapo. Naomba tumtoe mume nje, tufunge pazia, tuulize kwa sauti ya kawaida, "Hii imepatikanaje, na uliitaka?" Nimewahi kusikia majibu ya aina zote mbili. Bibi zetu wa Kimakonde walikuwa na chale uso mzima na ndonya mdomoni. Alama peke yake haisemi imetoka wapi.

Wakili Uchwara ameandika:

Niweke sheria kidogo maana mshauri akipotosha hapa anampeleka mteja pabaya.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inasema vingine. Kwa hiyo mume anayesema "namwadabisha, ni makubaliano yetu" asidhani ana pa kujifichia. Kwa upande mwingine, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 130 hakimhesabu mume kuwa amembaka mke wake ila pale walipotengana. Maana yake ni nzito: mteja wako anaweza kulazimishwa na sheria isimsaidie kwa jina hilo. Mshauri akipima hiari kwa kipimo cha mahakama atakuwa amepima chini mno.

Na ridhaa haimalizi kila kitu. Uingereza, mwaka 1993, kesi ya R dhidi ya Brown ilifika mpaka kwa majaji wa House of Lords: watu wazima walioumizana kwa hiari wakatiwa hatiani, kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Kesi za kule hazitufungi ila mahakama zetu huzisoma. Mteja ajue pia kwamba video zake za faragha zikisambaa kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na simu hazina siri. Mwambie asirekodi.

Binti Mikindani ameandika:

Mimi ni mteja, si mtaalamu. Niliwahi kumwambia mshauri mmoja, simtaji wala ofisi siitaji. Sikwenda kwa ajili ya hilo hata, nilikwenda kwa sababu nililia kila siku baada ya mama kufariki. Nililisema kwa kupita tu, kuonyesha kwamba mume wangu ni mtu ninayemwamini. Vikao vyote vilivyofuata vikawa ni hilo. Msiba wa mama ukasahaulika. Halafu shangazi akaniuliza swali ambalo asingeweza kuliuliza bila kuambiwa na mtu.

Mji huu mdogo, jamani. Mkitaka kufundisha, anzeni na kufunga mdomo.

Mshauri wa Kusini ameandika:

Dada, pole sana. Ya mama na ya ofisi ile pia.

Umegusa makosa mawili na yote yanafundishika. La kwanza ni kumgeuza mtu kuwa hamu yake. Alikuja na msiba, kinki ikaonekana tamu zaidi kwa mshauri, basi. Kanuni niliyoikuta kwa wenzetu ni rahisi: kama mteja hajaileta kuwa shida, usiifanye shida. Ibaki habari kama habari nyingine za maisha yake.

La pili ni siri, na hapo tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Taarifa za afya ni nyeti, kuzitoa ovyo ni kosa, na sheria hiyo haina mlango wa shangazi. Siri inavunjwa hasa pale uhai uko hatarini au mtoto anadhuriwa, na mteja anaambiwa hivyo kikao cha kwanza, kabla hajafungua mdomo.

Somo wa Chikongola ameandika:

Wanangu shikamooni mnaostahili, marahaba mliobaki. Mjukuu kanisomea huu uzi na anaandika ninayosema.

Mnahangaika mafunzo mafunzo, mtu wa kwanza kufundisha chumba huku ni somo, yaani kungwi. Unyagoni tunasema kila kitu na hakuna anayecheka, na kikitoka nje ya ile nyumba mwenye mdomo anajulikana. Huyo mshauri wa binti angekuwa mwali wangu asingerudia. Hayo ya kamba sikuyafundisha mimi, lakini wanawake wananijia na mengi, na mimi sijawahi kushtuka mbele yao. Unashtuka ukifika kwako.

Mshauri wa Kusini ameandika:

Shikamoo somo. Ile ya "unashtuka ukifika kwako" naiweka kwenye mafunzo, kwa idhini yako.

Ila nina la kukuuliza kwa heshima. Unyago unamfundisha mwali kumridhisha mume. Kukataa je? Kusema hili sitaki, hili acha, hili leo hapana? Nimepokea wake wanaosema, "Somo aliniambia mume hakatazwi." Mwanamke aliyefundwa hivyo akikutana na mume anayetaka kuamrisha, ndiyo yake haina uzito, kwa sababu hajawahi kupewa hapana.

Somo wa Chikongola ameandika:

Marahaba mwanangu. Zamani tulifundisha hivyo, wengine mpaka leo. Mimi namwambia mwali kuna siku ya shanga nyekundu na siku ya nyeupe, na mume mwenye akili anasoma. Asiye na akili, njoo uniambie. Lakini umesema kweli, si wote wana pa kurudi kusema.

Mwanachuo wa Saikolojia ameandika:

Kaka Mshauri, mimi nasoma, namaliza mwakani. Hayo mafunzo yenyewe yangekuwaje? Maana kila mtu anasema "mafunzo" halafu ni semina, chai na vitafunwa, cheti.

Mshauri wa Kusini ameandika:

Hahaha, mdogo wangu umeshaijua nchi.

Ningeanza na mshauri mwenyewe. AASECT, chama cha Marekani cha wataalamu wa elimu na tiba ya masuala ya kingono, humtaka anayeomba cheti chake apitie mafunzo ya kujipima mitazamo: unaonyeshwa na kusikilizishwa mambo, kisha unakaa na kundi kusema kilichokukuna, kilichokuchukiza, kilichokuvutia. Lengo ni kuyajua hayo kabla mteja hajayagundua usoni kwako. Huku tungeweza kuanza na sauti tu, visa vinasomwa, watu wanaandika walichohisi bila majina.

Kisha ngazi za Jack Annon za 1976, maarufu kwa jina la PLISSIT. Ya kwanza ni kumpa mtu ruhusa ya kusema. Ya pili ni taarifa kidogo sahihi. Ya tatu mapendekezo mahususi, ya nne tiba ya kina. Wengi wanaishia ngazi mbili za mwanzo, na hizo hata nesi wa zahanati au ofisa ustawi wa Nachingwea anaziweza. Uzuri wake ni kwamba zinakuonyesha pia pa kusimama. Hukusomea tiba ya kina? Peleka mbele.

Takwimu ziwemo, lakini kwa kiasi. Quebec, Canada, utafiti uliochapishwa 2017 uliwauliza watu wazima 1,040, na karibu nusu walikuwa na hamu ya angalau jambo moja kati ya yale yanayoitwa yasiyo ya kawaida. Uholanzi, 2013, walilinganisha watu 902 wa BDSM na wengine 434, na wale wa kwanza hawakuonekana kuwa na nafsi zilizovurugika zaidi. Huo wa Uholanzi watu walijitokeza wenyewe mtandaoni, usiubebe kama msahafu. Vyote viwili si vya kwetu. Vinatosha kumfanya mshauri asitoe macho, zaidi ya hapo visilazimishwe. Kuna pia mwongozo wa Marekani wa 2019 wenye vipengele 23 kwa wanaohudumia wateja hawa, nao ningeusoma na darasa kipengele kwa kipengele, tukikata visivyotufaa.

Muda mwingi, na nasema mwingi kweli, ungekwenda kwenye kuigiza vikao. Visa vinavyofanana kwa nje: huyu ana alama na ameridhia, huyu ana alama na anaogopa. Huyu ameshuka moyo siku moja baada ya mchezo na kesho yuko sawa, huyu ana sonona ya miezi. Huyu anatumia maumivu kucheza na mwenzake, huyu anajikata peke yake usiku kwa sababu hawezi kulia. Mwanafunzi akikosea kwenye igizo hakuna anayeumia. Na baada ya cheti kuwe na msimamizi wa kitaalamu wa kumpigia simu, hata kama yuko Dar, kwa sababu Mtwara ukimsimulia mwenzako kisa bila jina anamjua mtu kwa nguo tu.

KoroshoGhafi ameandika:

Bado nimekaa. Swali la mtu wa kawaida. Mimi na mke wangu tukija, hayo ya chumbani mnayaandika kwenye faili?

Mshauri wa Kusini ameandika:

Swali zuri kuliko yote, na hakuna mtaalamu aliyeliuliza.

Naandika kinachohitajika kwa huduma tu. Kama mmekuja kwa ugomvi wa hela, chumba chenu hakimo. Kama kimo kwa sababu ndicho kilichowaleta, naandika kwa lugha ya juujuu: "wanandoa wanajadili mipaka ya faragha, hiari imepimwa kwa kila mmoja, hakuna dalili ya ukatili." Mtu wa masjala akisoma hapati cha kupeleka kijiweni. Nikiona dalili za ukatili naandika kwa kina, tarehe, maneno ya mteja kama alivyoyasema, alama ziko wapi, kwa sababu siku moja karatasi hiyo inaweza kumsaidia kwenye Dawati la Jinsia au mahakamani. Na ukiomba kuona nilichoandika juu yako, unaonyeshwa.

Nesi wa Zamu ya Usiku ameandika:

Hapo kwa "alama ziko wapi", washauri wachore mchoro wa mwili kama tunavyofanya sisi, mbele na nyuma. Maneno "ana majeraha kiasi" hayamsaidii mtu. Nina nakala ya fomu tunayotumia, Mshauri nitumie ujumbe nikupe. Na hiyo siku ya kuigiza vikao mkiipanga, isiwe mwisho wa mwezi, tunakuwa kwenye ripoti.